Kila Jina na Mstari Wake

...na kila jina liwe na mstari wake, anasema Wachira mwenye saiba hii ya intaneti, amesimama nyuma ya kiti cha Wahu na kikombe cha chai, "kitone mbele, alafu jina, alafu kwao, alafu room gani ya kanisa hawa waliofukuzwa makwao wanalala, iwe clear, watu wao wanawatafuta kwa website," na Wahu anasema sawa, kidole kiko juu ya kipanya, huko chini River Road nusu ya maduka yamefungwa, Januari hii nani anachapisha kadi za harusi, sawa, iwe wazi, yeye ndiye fundi wa orodha zilizo wazi, hata ile ya Novemba ilikuwa wazi, ya wapangaji wa ploti yao kule Waithaka, kamati ya usalama ilitaka tu majina kwenye tovuti yake, nambari ya mlango na kwao ni wapi, na yeye kwa ujuaji wake akawakusanya waliotoka magharibi pamoja, akawapa rangi yao, ili macho yasihangaike... mlango namba saba, Zedekiah, fundi wa viatu, mume wa Selpher... na hawakuhangaika, matokeo ya kura yalipotangazwa walikuja na karatasi iliyochapwa, wakaruka namba sita kwa Wahu, wakavunja saba, rungu lilitua mara nne kwa sauti ya mfupa, mara ya tano sauti ikawa ya kitu chororo, Selpher akipiga nduru, "ni fundi tu, ni fundi wa viatu," na Wahu chini ya kitanda chake akisikia namba zikisomwa, akijua ni orodha yake ile... "Wahu, unanisikia?" nasikia, boss, watu arobaini na mmoja kanisani, Selpher ni wa tatu, chumba cha watoto wa shule ya Jumapili, na Novemba ile hakuna aliyemlazimisha Wahu, hilo ndilo linalomchoma, kamati ilimwambia kazi safi na akafurahi, akaenda hadi Kileleshwa kumwonyesha dada yake, mjinga, muuaji asiye na tone la damu mkononi, anatamani ainue kibodi ampasue nayo Wachira uso, ajipasue mwenyewe... "ni ya dakika mbili tu hiyo," anasema Wachira, hana ubaya, ana huruma hata, na kidole bado kiko juu ya kipanya, ukurasa bado mweupe, lakini Wahu ameshakata shauri, haandiki, anayemtafuta Selpher aje hapa aulize kwa mdomo wake, amtazame machoni, na akija na rungu itabidi aanze na yeye.