Ini la Rosenilda

"Si nilikwambia asile kitu?"

"Na mimi nilikwambia nini? Kwangu mtu hatolewi damu akiwa na njaa. Labda kwako, ukijenga."

"Mama, ile mashine inataka tumbo tupu."

"Mashine haijamzaa. Nimemzaa mimi."

Dada yangu Rosenilda alikuwa kizingitini, bakuli la uji wa ndizi magotini, amelikomba lote. Huku kwetu kando ya mto Purus, ukienda kuchomwa sindano unashindiliwa chakula kwanza, usije ukazimia ukatia nyumba aibu. Na mimi wiki nzima ndiye niliyekuwa nawapeleka watafiti wa ini kwa mtumbwi, napiga kelele kila mlango: msile asubuhi. Nyumba iliyokula ni ya kwetu.

Sikuwa nacheka. Macho ya Rosenilda yalishaanza umanjano. Mjomba Adamor alianza hivyohivyo, homa nyeusi, ile inayokula ini, akawa anatapika damu kama kahawa. Tulimzika siku ya tisa. Boti ya watafiti ilikuwa inaondoka saa tano, kurudi ni baada ya miezi sita. Miezi sita na macho yale, sikutaka hata kuwaza.

Nikateremka mtoni mbio hadi botini kwao.

"Amekula saa ngapi?" Daktari Iraci akauliza.

"Sasa hivi."

"Kiasi gani?"

"We humjui mama, daktari. Bakuli linang'aa."

Akaangalia saa. Ilikuwa tatu na nusu. "Masaa matatu, ndiyo apimwe."

Nahodha akadakia, "Maji yanashuka kila siku. Tukichelewa tunakwama mchangani."

"Basi tutakwama."

"Wewe ndiye utakayesukuma?"

"Nitasukuma," akasema, akaendelea kupanga vichupa vyake. Mwanamke mwenyewe hata kifuani hanifiki.

Saa sita na nusu Rosenilda akalazwa kwenye kitanda cha botini. Kile kidude cha mashine kikawa kinamgonga mbavuni, tik, tik, na mimi nimeshika nguzo ya boti kama mlevi. Mama alikuwa ametufuata, akasimama mlangoni.

"Ini lina makovu," daktari akasema. "Ila bado linafanya kazi, tumewahi. Vidonge kila siku, sindano kila wiki. Mwezi ujao aje mjini tumwangalie tena."

Rosenilda akafunika uso kwa shati langu, akalia. Nikamwacha alichafue.

"Mmejuaje dawa ya kumpa?" mama akauliza.

"Kwa damu ya watu wa mto huu, mama. Miaka kumi na moja wanatupa. Wengine walijua wenyewe hawatapona."

"Kaka yangu alitoa mara nne," mama akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

Mara nne, na mimi nilikuwa namwita ng'ombe wa maziwa. Mjomba anacheka tu, anapanda mtumbwi, anaenda. Nilitamani awepo nimwambie asante, hata anitukane.

Mama tangu nimjue hajawahi kukubali sindano ya mtafiti. Akakaa kwenye kiti, akakunja mkono wa gauni.

"Chukua na yangu. Iandike namba tu, jina liache."

Daktari akachukua. Alipomaliza, mama akamshika mkono, akauweka kwenye paji la uso wake mwenyewe, akaushikilia. Kisha akageuka, akashuka ubao wa boti, akapanda ukingo kwenda zake.