Mtani Kwenye Matanga ya Mselemu

Mtu akikuhoji kazi huku anakula kuku, na wewe anakuona hujala, ujue kwake wewe si mtu. Ndivyo Bwana Shamte alivyotuhoji, mimi na Chediel, kwenye hoteli moja ya Shelui, malori yakinguruma nje. Alikishika cheti changu cha kidato cha sita kwa vidole vyenye mafuta, akakigeuza huku na huku, akakiweka karibu na mifupa. Doa lile lipo mpaka leo, na nikiliona nasikia kinyaa upya.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Ushirika ulishatupunguza kazi, tukarudi nyumbani na asante tupu. Bima nayo, ambayo tangu nasoma shule ya msingi ilikuwa ya serikali peke yake, ilikuwa imefunguliwa kwa makampuni binafsi, na moja lilitaka mtu mmoja kwa mkoa mzima wa Singida awe mkaguzi wa madai ya ajali za magari. Gari likigonga unakwenda, unatazama, unauliza watu, kisha unaandika nani ana kosa na nani alipwe. Nikasema hiyo ndiyo kazi yangu. Kuuliza watu naweza, na kudanganywa sidanganyiki kirahisi. Mama yangu kule Ulemo alishaitangaza kanisani kabla hata sijaitwa.

"Kwenu wapi?" Bwana Shamte aliniuliza.

"Ulemo, Iramba."

"Kumbe Mnyiramba. Basi mtani wangu kabisa wewe. Mimi Mnyamwezi wa Tabora." Akanyoosha mkono, akachukua chapati yangu, ile moja niliyoinunua kwa hela yangu mwenyewe, akafutia mchuzi wake wote. "Kwa watani hakuna kununa."

Sikununa. Utani naujua. Babu yangu aliwahi kunyang'anywa beberu na Wanyamwezi, msibani, akabaki anacheka mwenyewe. Lakini kuna mtu anatania, na kuna mtu ana tamaa tu, na huyu alikuwa analamba mpaka kifundo cha mkono.

Chediel alicheka kwa niaba yangu. Alikuwa Mnyiramba mwenzangu, kijana wa Kiomboi, amevaa tai ya mitumba, na kila alichoambiwa alijibu "sawa mzee". Angeambiwa nje kunanyesha siku ya kiangazi, angekunja suruali.

"Haya, sasa mtihani wenyewe," Bwana Shamte akasema, akichokonoa meno. "Lori tulilolikatia bima limeshuka mlima Sekenke juzi, likamgonga mzee mmoja hapa hapa Shelui, alikuwa na baiskeli. Amekufa. Kama hakuwa na kosa, tunamlipa mjane. Kama alikuwa na kosa, hatulipi. Nendeni msibani mkaulize. Atakayeniridhisha ndiye mwenye kazi."

"Sawa mzee," akasema Chediel.

Bwana Shamte akampa Chediel redio ndogo ya kurekodia, akamwonyesha pa kubonyeza. Mimi sikupewa kitu.

Marehemu aliitwa Mzee Mselemu, Mnyaturu aliyehamia Shelui zamani, mwadhini wa msikiti. Nilipofika sikuhitaji kuhangaika. Wanaume waliokaa nje walinieleza bila kuulizwa mara mbili. Mzee alikuwa anarudi kutoka kuswali alfajiri, yuko pembeni kabisa ya njia, lori likakatika breki likaacha barabara likamfuata huko huko alikokuwa. Walinipeleka kuangalia. Alama za matairi zilikuwa bado zipo vumbini, zimetoka barabarani, zimepita juu ya michongoma ya watu. Baiskeli ilikuwa imejikunja chini ya ua. Mtoto mdogo angejua nani ana kosa.

Nikarudi kwenda kumpa pole mjane, Mama Hajira. Alikuwa amekaa mkekani, macho makavu, watu wananong'ona kwamba tangu wazike hajalia wala kula wala kulala.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba. Wewe wa wapi, mwanangu?"

"Natoka Ulemo, mama. Mimi Mnyiramba. Naitwa Damari."

Akaniangalia kama nimemtukana. "Mnyiramba! Umekuja kwenye msiba wa Mnyaturu, umekaa kimya kama polisi? Tangu tuzike hakuna mtani hata mmoja aliyekanyaga hapa. Mnataka mwenzenu alale hivi hivi?"

Wanawake wakaguna, wakanitazama. Sasa hapo nifanye nini? Mtani akifika msibani asipocheza, asipomtania marehemu, amewafanyia wafiwa ubaya. Kanzu ya marehemu ilikuwa imetundikwa mlangoni na kofia yake juu. Nikavua viatu, nikaivaa kanzu, nikavaa kofia, nikaanza kuyumba uwanja mzima kama mtu aliyetoka kilabuni.

"Mselemu wee, mlevi usiye na haya!" nikapiga kelele. "Umekunywa usiku kucha, umelewa mpaka unashindwa kuona lori zima! Pombe yangu ulikopa, nani atanilipa? Amka unilipe!" Nikaanguka chini, nikajifanya naadhini kwa ulimi mzito, nikasahau katikati, nikaomba kikombe kingine.

Jamani, walicheka. Walicheka kwa sababu Mselemu hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote. Akipita karibu na kilabu alikuwa anaziba pua na kushuka kwenye baiskeli aisukume haraka. Imamu alificha uso kwenye kilemba. Mama Hajira alicheka akashika mbavu, na kucheka kule kukageuka kilio, akalia, akalia mpaka wakamshika. Aliponyamaza aliomba uji. Akaniambia, "Sasa ndiyo tumemzika, mtani."

Bwana Shamte alikuwa ameegemea pikapu yake nje ya ua, naye anacheka, tena kuliko wote. Chediel alikuwa kando yake, redio mkononi. Nilifikiri wanacheka kama watu wengine.

Tuliporudi hotelini aliagiza kuku wa pili. Kisha akaiweka ile redio mezani, akabonyeza, na sauti yangu ikatoka, nimelewa, natukana maiti, na nyuma yangu watu wanaangua kicheko. Madereva wa malori wakageuza shingo.

"Safi kabisa," Bwana Shamte akasema. "Shahidi anasema marehemu alikuwa amelewa. Na wafiwa hawakatai, wanacheka tu. Mtani, kazi umepata."

Nilidhani ananitania. "Mzee, si ule ulikuwa utani? Yule alikuwa mwadhini. Lori ndilo lililomfuata. Alama zipo, twende nikuonyeshe."

"Alama zitafutika na upepo. Na utani utanifundisha wewe? Mimi Mnyamwezi." Akang'ofoa paja. "Najua ni utani. Lakini Dar es Salaam watasikia sauti tu. Wewe utasaini kwamba sauti ni yako na uliyosema ni kweli. Kesho unaanza kazi, pikipiki ipo, mshahara upo. Unashangaa nini? Bima ndiyo hii."

Sikuwa nimeona uchafu kama ule. Mwizi anaiba kuku wako usiku, walau anajua ameiba. Huyu alisimama kwenye ua wa msiba, akaona mjane anapata machozi yake, akahesabu hapo hapo atakavyomnyima haki yake kwa machozi yale yale, halafu akasikia njaa. Na alitaka niwe mimi. Sitasema kazi sikuitamani. Niliitamani sana, na hilo ndilo lililonichefua zaidi, kwamba mtu kama yule ndiye aliyekuwa nayo mfukoni.

"Hebu nisikie tena," nikasema.

Akanisogezea redio. Nikaifungua, nikatoa kaseti, nikaingiza kidole kwenye utepe nikauvuta, nikauvuta mpaka wote ukatoka, nikauviringa mkononi, kisha nikautumbukiza kwenye bakuli lake la mchuzi. Niliukandamiza kwa kijiko mpaka ukazama.

"Kwa watani hakuna kununa," nikamwambia.

Madereva walipiga meza kwa vicheko. Mmoja akasema huyo mzee leo amepatikana. Bwana Shamte alitazama bakuli, akatazama watu, na hakuwa na la kufanya ila kucheka. Alicheka kwa meno. Halafu akasimama, akanawa, akaondoka na pikapu, mimi nikabaki Shelui. Chediel alipanda mbele. Sikumtazama hata mara moja. Mjinga mimi. Nilipata lifti kwenye lori la vitunguu, nikarudi Ulemo nimekaa juu ya magunia, naimba.

Mama alinuna. Nikamwambia kazi nitapata nyingine.

Arobaini ya Mzee Mselemu ilipofika nilikwenda, kwa sababu mtani haitwi. Nilikuwa nimeshajipanga nitakavyocheza, nimedhamiria kuwakimbiza wapishi na kuteka sufuria nzima ya pilau mpaka wanikomboe. Lakini nilipoingia uani wanawake waliacha kuongea.

Chediel alikuwa amenitangulia wiki ile ile. Alikuja na pikipiki mpya ya kampuni, tai mpya, akamwambia Mama Hajira kwamba kampuni imeangalia na haitalipa, kwa sababu marehemu alikuwa amelewa. Akasema hahitaji kaseti wala nini, yeye mwenyewe ni shahidi, alisikia kwa masikio yake ikisemwa matangani mbele ya watu wote, na familia haikukataa. Akasema hayo amekaa kwenye uwanja ule ule, akaomba maji ya kunywa, akapewa, akanywa akamaliza. Mwadhini wa msikiti. Mpaka sokoni sasa wapo waliokuwa wakiuliza kama ni kweli mzee alikuwa anakunywa kwa siri.

Nilikaa chini mbele ya Mama Hajira. "Mama, nitakwenda popote. Polisi, mahakamani, huko huko Dar es Salaam kwenye bima yao. Nitasema."

"Utasema nini, mwanangu?" aliniuliza, wala hakuwa na ukali. "Kwamba hukusema?"

Kanzu ilikuwa pale pale mlangoni, imefuliwa, na kofia juu yake. Nikainuka niende kuichukua ile kofia, maana hata sasa mtani ni mtani, na watu wamekaa wanangoja. Mama Hajira aliwahi. Aliitoa kwenye msumari, akaikunja mara mbili, akaiweka mapajani akaifunika kwa mikono.

"Leo usicheze, Damari," akasema. "Kaa tu."

Binti yake Hajira akatoka ndani na kiti, akakipangusa vumbi kwa kanga, akaniwekea pembeni na kuniletea maji ya kunawa, kama anavyofanyiwa mgeni.