Kashata za Mwalimu Scholastika

Scholastika aliliandika andalio lake la somo kwa wino, akalipigia mistari kwa rula, na pale katikati akaiweka nadharia aliyofundishwa chuoni: mwanafunzi akijibu sawasawa, mpe tuzo papo hapo, akishaonja utamu wa kupata, kesho atajibu tena bila kusukumwa. Huko chuoni walimweleza habari za njiwa waliofunzwa kudonoa kitufe kwa punje za mtama. Haya, njiwa! Lakini darasa lake lilikuwa la watu wazima wa Kariakoo, kwenye baraza la Bi Sabaha, mpika chapati wa Mtaa wa Sikukuu, na njiwa hana jirani wa kumwonea haya.

Jumatatu saa kumi alasiri alifika na bakuli la kashata za nazi. Akawaamkia wanafunzi wake shikamoo, maana wote walilingana na wazazi wake, wakaitikia marahaba kwa pamoja. Akaandika ubaoni "mchele". Bi Sabaha akasoma. Scholastika akampa kashata.

Sasa wewe niambie, Bi Sabaha ale peke yake watu wanamtazama? Thubutu! Aliivunja vipande kumi na viwili, kila mtu akapata chake, hata kama ni cha ukubwa wa kucha. Neno la pili, macho yote kwa Bi Sabaha. La tatu, Bi Sabaha. Kufika Jumatano hakuna aliyejisumbua kuutazama ubao. Walikaa wakingoja mwenzao asome, wao wale.

"Mzee Bakili, jaribu na wewe," Scholastika alimsihi mchukuzi aliyekaa nyuma, mtu wa Lindi mwenye mabega mapana, aliyebeba magunia sokoni miaka kumi na tano bila kujua yameandikwa nini.

"Ah, mwanangu, nijisumbue ya nini? Bi Sabaha anatosha. Huu si ndio ujamaa wenyewe?"

Baraza zima likaangua kicheko. Scholastika naye akacheka, lakini moyoni alitamani kulia. Ijumaa mkufunzi wake wa chuoni, Bwana Pantaleo, angekuja kumkagua akifundisha, na andalio alikuwa nalo tayari. Mwaka uliopita Bwana Pantaleo aliwafelisha wanachuo wanne, wakarudia mwaka. Na baba yake kule Rombo alikwishatangaza kijiji kizima kwamba binti yake ni mwalimu!

Alhamisi mchana akapita sokoni kununua nazi, amenuna kwelikweli. Akawakuta wachukuzi wamelizunguka sinia la ugali na samaki, mikono wameshanawa, hakuna anayekula. Mzee Bakili alikuwa miongoni mwao.

"Mbona hamli, mzee? Chakula kinapoa."

"Tunamngoja yule pale." Akamwonyesha mwenzao aliyekuwa akishuka kwenye lori na gunia la mwisho mgongoni. "Kwetu sisi haliguswi sinia mpaka wa mwisho atue."

Scholastika akasahau hata chenji yake ya nazi. Alikwenda zake mbiombio, anacheka peke yake, watu wakampisha njia.

Ijumaa Bwana Pantaleo alikaa pembeni, andalio na karatasi ya ukaguzi mapajani, kalamu nyekundu mkononi. Scholastika akaliweka bakuli juu ya kigoda katikati ya baraza.

"Leo haliguswi bakuli mpaka wa mwisho atue."

"Lo! Mwalimu ametuotea!" akasema Mzee Bakili.

Bwana Pantaleo akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Halikuwamo neno hilo. Na darasa lenyewe sasa lilikuwa kama mnada: huyu anamsukuma yule, yule anamkosoa huyu, mmoja baada ya mwingine wakasoma. Akabaki Mzee Bakili. Bi Sabaha akaleta kibao chake cha chapati, akakinyunyizia unga, akaziandika herufi za ubaoni moja moja, kisha akamshika mzee kidole akakipitisha juu ya kila herufi.

"Ko," akasema Mzee Bakili. Jasho likamtiririka. "Ko... ro... sho." Akaruka. "Korosho! Jamani, hili neno nimelibeba mgongoni miaka yote!"

Wakapiga vigelegele. Machozi yakamtoka Scholastika, wala hakuyaficha.

Mzee Bakili akaimega kashata yake, nusu akampa mgeni. Bwana Pantaleo akasita, akaila.

"Umekula kabla hujatua, ndugu mkufunzi," akasema Mzee Bakili. "Soma basi hiyo karatasi uliyokuwa ukiiandika."

"Asome! Asome!" wakapiga makofi.

Bwana Pantaleo akakohoa. "Mwalimu hakufuata andalio la somo hata kidogo."

Scholastika akashika ukuta.

"Endelea, hujamaliza," akasema Bi Sabaha.

"Amefaulu."

"Haya," akasema Mzee Bakili, akimsogezea bakuli, "sasa umetua."