Mapumziko Matano Kwenda, Mawili Kurudi

Mwalimu Zéphyrin alipofika shuleni kwetu, kwenye milima ya tope karibu na Nyabiondo, alikuwa amevaa viatu vyeupe. Nilivitazama, nikamtazama yeye, nikanyamaza. Mimi ni Verdiane, mkuu wa shule hii, na kunyamaza si tabia yangu, kwa hiyo ujue nilikuwa nimeshangaa kweli.

Alikuwa kijana mzuri, sikatai. Mtoto wa wenye duka wa mjini Butembo, mwenye adabu. Alikuja kwa mwaka mmoja wa majaribio, kufundisha jiografia darasa la sita. Mwezi wa tano mkaguzi angekuja kusikiliza somo lake: likimpendeza, kijana anabaki, lisipompendeza, anarudi Butembo kuuza sabuni kwa baba yake. Na Zéphyrin alitaka sana kubaki. Alisema milima yetu imemteka. Nikamwambia haijamteka bado, inamchunguza tu.

"Jiografia inaanza ku mulango ya mutoto," alisema siku ya kwanza, na hapo nilimpenda. Akawaagiza wanafunzi wachore ramani ya njia ya kutoka shuleni kwenda soko la Nyabiondo, wapime wenyewe, waweke na kipimo. Baada ya siku mbili aliingia ofisini mwangu na rundo la karatasi, amevimba kama andazi.

"Mama Directrice, angalia! Kwenda soko, centimètre tano. Kurudia, centimètre mbili. Na njia iko ile ile! Classe muzima imekosea sawasawa. Balikopiana!"

Ramani ya juu ilikuwa ya Muhawenimana, msichana mwenye mkono mzuri kuliko wote. Kila mto ulikuwa mahali pake. Pembeni, kwa wino mwekundu, sifuri.

"Ulibauliza balipima na nini?"

"Nibaulize nini, Mama? Njia moja haiwezi kuwa na burefu mbili."

Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Ningeweza kumweleza kwa sentensi moja. Lakini nimefundisha miaka ishirini na sita, najua jambo la kuelezwa halikai kichwani. Na, sitaficha, nilitaka kucheka. Jumamosi, siku ya soko, nikamkabidhi kilo ishirini za maharage yangu.

"Maître, unisaidie kufikisha. Si ulisema iko kilomètre ine tu?"

Kwetu mwanamke mwenye mzigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso hahesabu kilometa. Anahesabu mapumziko: mahali panapojulikana na wote, penye jiwe au ukingo wa kuegemeza mzigo bila kuutua chini. Kwenda sokoni, kwa sababu unapanda, ni mapumziko matano. Kurudi mikono mitupu ni mawili, na la pili ni la maongezi tu.

Zéphyrin alipumzika mara tisa. Nilimfuata nyuma pamoja na jirani yangu Mama Dancille, tukihesabu kwa sauti ili asikie. Pumziko la tatu alikuwa bado anatueleza mambo ya ikweta. La sita ikweta ilikwisha. La nane aliketi kwenye tope, akakiona cha mtema kuni. Mama Dancille, mwenye miaka sitini na mzigo mara mbili ya wake, alimpita taratibu.

"Pole, mutoto. Masomo iko nguvu, eh?"

Jumatatu kijana alisimama mbele ya darasa, shingo imekakamaa.

"Mulipima muzuri," alisema. "Miye njo sikujua mulipima na nini."

Akawaambia waongeze na njia ya kwenda kituo cha afya, na kila ramani iwe na vipimo viwili, cha kilometa na cha mapumziko. Wakamwuliza yeye alipumzika mara ngapi. Akajibu ukweli, tisa, na kicheko kilisikika mpaka darasa la kwanza. Siku hiyo niliacha kumchunguza.

Mkaguzi alifika kwa pikipiki, tope mpaka magotini, mtu asiye na tabasamu la bure. Alisikiliza somo, akaomba ramani moja, akapewa ya Muhawenimana. Sifuri nyekundu bado ilionekana.

"Nani alitia zéro hapa?"

"Ni miye, Papa Inspecteur." Sauti ya Zéphyrin ilikuwa ndogo. "Siku ile nilikuwa sijabeba kitu."

Mkaguzi akaandika kitu. Nilijaribu kukisoma nikashindwa. Akaweka kidole juu ya ramani, penye kituo cha afya.

"Ku karte yangu, centre de santé iko karibu kuliko soko. Hapa mumeandika mapumziko kumi na moja. Juu ya sababu gani?"

"Ile tulipima na tipoyi, Papa," alisema Muhawenimana. Tipoyi ni machela ya miti, wanaume wanne mabegani. "Mugonjwa haiko maharagi. Banaenda naye polepole."

"Na hii duara, ku pumziko ya munane? Haiko mu légende."

Zéphyrin alifumba macho. Alama isiyoelezwa kwenye ufunguo wa ramani ni kosa alilowakataza yeye mwenyewe mara mia. Niliona mwaka wake wote unateleza, na moyo uliniuma kama wa mama yake mzazi.

"Hapo njo mama yangu alizalia," alisema msichana. "Balikuwa banamupeleka ku centre. Mutoto hakungojea."

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi aliuliza, polepole, kama mtoto yuko hai.

"Iko. Ameanza kutembea."

Mkaguzi akafunga daftari lake.

"Hii karte nitaenda nayo ku bureau. Kule bado banasema centre iko karibu. Weye, Maître, unabakia. Lakini kwanza mutie ile duara mu légende, mutu mwingine akisoma aelewe."

Nilipiga makofi peke yangu kama mwendawazimu, bila haya. Zéphyrin alichukua kalamu, akainama karibu na Muhawenimana.

"Tuandike nini?"

Msichana akafikiri kidogo.

"Andika: Mutoto alifika, centre bado."

Akaandika hivyo hivyo.