Udongo Uliogeuka Mtamu

Udongo wa Lukresia ulianza kuwa mtamu mwaka wa sita tangu tanuru la kilimani lizimwe, na wanawake wenye mimba wa Karatu wakausifu sokoni. Walisema wa wengine unakwaruza koo, wa Lukresia unayeyuka. Vipande alivyokausha juani na kuvifukiza moshi vikawa vinaisha kabla ya saa sita.

Mchimbaji alikuwa Brigita, mke wa mwanawe. Shimo lilikuwa korongoni nyuma ya nyumba, na juu yake, kilimani, mtu aitwaye Sylvesta aliwahi kuyeyusha betri kuukuu za magari ya watalii apate madini ya risasi ya kuuza. Kijiji kilimfukuza. Akaondoka na risasi yake, akaacha majivu na mabonge meusi ya tanuru, lundo refu kuliko mtu. Nyasi zikaota, mbuzi wakapanda juu, watu wakasahau.

Brigita hakusahau, maana alipita pale kila siku. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini macho alikuwa nayo. Masika ya kwanza, maji yaliyochuruzika chini ya lundo yalikuwa safi tu. Ya tatu yakaacha utando mweupe kwenye mawe. Ya nne vyura wakanyamaza, majani yakakauka kwa mstari, na mstari ukawa unateremka kila mwaka hatua chache, mpaka masika ya mwaka jana ukagusa mdomo wa shimo. Jambo hilo alilielewa kwa mambo ya jikoni. Mama yake mzazi alitia majivu kwenye chungu kilichotobolewa, akamwagia maji, na matone ya chini yakawa magadi ya makande. Majivu yale yale ukiyamwagia kesho na keshokutwa bado yanatoa. Sasa lundo zima, kwa mvua zote zile?

Alipomwambia mama mkwe, Lukresia alicheka. Moto umezimwa miaka yote hiyo, sumu gani inayotembea bila miguu? Akaongeza, majirani wakisikia, kwamba mwanamke ambaye hajawahi kutamani udongo atajuaje ladha yake. Brigita alikuwa na miaka minne ya ndoa bila mimba.

Pengine angenyamaza moja kwa moja, kama si Martha. Huyu binti wa Lukresia alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili, na ya tatu ilipofika mwezi wa tatu akarudi kwa mama yake aangaliwe. Asubuhi na jioni alitafuna udongo wa shimo lile. Katika nyumba ile nzima ni yeye peke yake aliyemwita Brigita wifi kwa upendo. Hata hivyo Brigita hakumwambia. Alitaka kwanza awe na hakika. Alifunga udongo kwenye mfuko, akampelekea Inosenti, bwana afya wa kata. Inosenti hakucheka. Alisema vipimo ni Arusha, asubiri. Kusubiri Brigita alikuweza.

Majibu yalikuja kwa simu baada ya wiki saba: udongo umejaa risasi, utamu ule ni wake, shimo lifukiwe, mtu asile tena. Safari hii Lukresia naye hakucheka. Alitazama vikapu vitatu vilivyokwisha kufukizwa, akasema wauze hivyo kwanza, kimoja kila siku ya soko, ndipo wafukie. Na Martha asiambiwe, atashtuka, na mshtuko nao unatoa mimba. Brigita akakubali. Aliona akificha udongo wa jikoni inatosha. Hakujua kwamba Martha alikuwa na akiba yake chini ya mto wa kulalia.

Siku ya tisa mimba ikatoka.

Lukresia alikuwa mtu wa kanisa, lakini metimani, desturi ya kutenga ya Wairaqw wa zamani, hakuthubutu kuivunja. Martha akatengwa kama mwenye najisi: chumba chake, kikombe chake, asiguse cha mtu, asikutane na ng'ombe njiani, mpaka miezi ipite. Brigita alimwekea chakula mlangoni.

"Wifi," Martha alisema toka ndani, siku ya tatu. "Bwana afya alikuja. Nimemsikia anamuuliza mama kama shimo lenye sumu limefukiwa. Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Angeweza kusema tangu siku ya simu. "Tangu masika ya mwaka jana."

"Ulikuwa unasubiri nini?"

Martha hakulia. Alisema kuanzia kesho chakula alete mtu mwingine, na kwamba huko sokoni wapo ambao matumbo yao bado yapo.

Brigita akaenda sokoni vile vile alivyo, na kanga ya jikoni. Lukresia alikuwa amefika kikapu cha tatu. Mbele yake alisimama dada mmoja mwenye mimba kubwa, kashika bonge la udongo.

"Dada, usile. Huo una sumu ya risasi. Umepimwa Arusha."

Yule dada akamtazama Lukresia. Lukresia hakupandisha sauti.

"Msamehe, mwanangu. Hajawahi kushika mimba, huyo."

Dada akaligeuza lile bonge, akalinusa, akalirudisha kikapuni. Halafu akachagua kipande kidogo zaidi.