Siki ya Vijitu

Lul Warfa alikuwa na ulimi ambao hata ukoo wake uliuogopa. Tangu mumewe afariki alikuwa akiuza maziwa ya ngamia katika soko la Garissa, na wateja walimfuata kwa mambo mawili: majerikeni yake yalifukizwa moshi vizuri, na hata maziwa yakiisha, maneno hayakuisha. Mteja mnene aliambiwa ngamia wamemsalimia na kuuliza anakula wapi. Siku nyingine Lul aliapa kwa ndevu za mbuzi wake kwamba daktari wa mifugo ameleta posa, anasubiri tu mbuzi akubali. Watu walicheka, wakanywa, wakaenda kusimulia.

Nyumbani, aliyempenda kuliko wote ni mjukuu wake Nasteho, binti wa mwanawe Abdisalam. Nasteho alisomea kompyuta, akarudi na shahada iliyokaa ndani ya bahasha mpaka kampuni moja ndogo ya ng'ambo ilipompa kazi ya majaribio katika gemu yao. Kazi hiyo aliifanyia chumbani, siku ambazo mtandao ulikuwa na huruma. Abdisalam, mfanyabiashara wa ng'ombe, aliikubali nusunusu. "Afadhali hiyo kuliko kuzurura," alisema, ingawa Nasteho hakuwahi kuzurura hata kufika kona.

Gemu yenyewe ilikuwa ya vijitu vya ndevu vinavyojenga mji chini ya mlima wenye joka. Mchezaji anaviamuru: chonga mawe, lima, jenga ukuta. Joka halikuwa na shida sana. Shida ilikuwa njaa. Baridi ikiingia, mashamba yaliganda, na vijitu vilikufa vimekumbatia majembe yao. Nasteho alikabidhiwa jambo moja: avifundishe kuhifadhi chakula. Akilimaliza vizuri, angeandikwa kazi ya kudumu. Akishindwa, kwaheri.

"Vimekufa tena?" Lul aliuliza kila jioni akiingia na chai.

"Vyote, Ayeyo," Nasteho alimjibu bibi yake.

"Mji mzima! Kwani hauna hata bibi mmoja?"

Basi akamfundisha. Nyama ikatwe vipande virefu, ianikwe kambani, ikatwekatwe tena iwe vipande vidogo kama kunde, ikaangwe, izamishwe ndani ya samli. Nyirinyiri hiyo hukaa miezi na haigeuki. Nasteho akayaandika yote ndani ya gemu, na msimu uliofuata vijitu vilivuka baridi vikitafuna. Lul alipiga makofi.

"Tazama vilivyonenepa. Kesho vitaanza kuulizia mke wa pili."

Kisha ikaja siki. Kampuni ilitaka vijitu vihifadhi mboga pia, na mboga zinataka siki. Lakini katika mlima ule palikuwa na zabibu tu, na zabibu haziwi siki bila kupita kwanza kwenye mvinyo. Nasteho akaondoa mikono kwenye kompyuta kana kwamba imemuunguza.

"Ayeyo, mimi nitengeneze pombe?"

Mara hiyo moja Lul hakufanya mzaha. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa madrasa, na jambo hili alilisomesha. "Babu yako alisema, mvinyo ukigeuka siki wenyewe, umesafika. Ukiutia kitu ili ugeuke, ukauchokoachokoa, umeharibu. Uache. Mwenye kuugeuza ni Mungu."

Nasteho akaanza kuandika. Katika mji wake, pipa la zabibu hufungwa na kuachwa. Mchezaji mwenye pupa akilifungua achungulie, au akitupa chumvi ndani ili kuharakisha, linaoza. Mwenye subira anapata siki safi. Wale wa ng'ambo walifurahi mno. Hawakuwahi kuona, walimwandikia, gemu inayomtuza mtu kwa kutofanya kitu. Ilibaki tu kuunganisha kazi yake na kazi za wenzake.

Lul angenyamaza wakati huo, mambo yote yangekwenda sawa. Lakini furaha ilimjaa, na Lul akifurahi ulimi unamwasha.

"Huyo mjukuu wako haonekani siku hizi," Samsam, muuza maziwa mwenzake, alimwambia sokoni. "Anafanya nini humo ndani?"

"Anatengeneza mvinyo."

"Astaghfirullah, Lul!"

"Naapa kwa ndevu za mbuzi wangu. Mapipa yamejaa chumba, yanatosha kulewesha ngamia wote wa Hadado mpaka waimbe. Na Abdisalam analala upande wa pili wa ukuta, hata harufu hasikii!"

Samsam alicheka hadi maziwa yakamwagika. Akamsimulia mwingine, akicheka. Huyo akamsimulia wa tatu, akitabasamu. Wa tatu alisimulia kwa sauti ya chini. Wa nne alimwambia mumewe kitandani, na kufikia hapo kicheko kilikuwa kimebaki njiani, pamoja na zile ndevu za mbuzi.

Ijumaa, baada ya swala, Abdisalam alirudi na Dekow, mzee wa ukoo, binamu wa marehemu mume wa Lul. Dekow aliketi kwenye mkeka akakataa chai. Mtu wa kwao akikataa chai, kuna jambo.

"Shemeji Lul," alisema, "nimesikia msikitini neno ambalo sikupenda kulisikia. Eti katika nyumba ya binamu yangu kunapikwa pombe."

"Ni mchezo, shemeji. Mapipa ya kuchorwa, ndani ya kompyuta. Hata tone hakuna."

Dekow akaanza kutabasamu. "Wewe mwanamke! Hata siku ya matanga ya binamu yangu ulituchekesha."

"Leo sichekeshi."

"Ndivyo unavyoanza siku zote."

"Nimesema leo sichekeshi. Wallahi al-adhim, hakuna pombe katika nyumba hii."

Abdisalam aliinua kichwa. Miaka yote hakuwahi kumsikia mama yake akiapa kwa jina la Mungu. Dekow naye tabasamu likamtoka.

"Basi," alisema, "nionyeshwe."

Nasteho akaleta kompyuta, mtandio umevutwa hadi kwenye nyusi. Mji ukatokea: paa za mawe, moshi, theluji juu ya mlima. Dekow aliinama kutazama. Alionyeshwa ghala, na vyungu vya nyirinyiri vimepangwa.

"Na samli imo?"

"Imo, Awowe," alimjibu kama mjukuu kwa babu. "Bila samli inaoza."

"Ndivyo hasa." Alisogea karibu zaidi. "Na hawa wanaswali wapi?"

"Bado hatujafika huko, Awowe."

"Wajengewe msikiti mapema, kabla hamjaongeza mambo mengine." Na akapokea kikombe cha chai. Lul alikiona kile kikombe na moyo wake ukatua.

"Na hapa ni kwenye siki," Nasteho alisema, sauti ikianza kupata nguvu. "Pipa limefungwa, linaachwa. Hakuna anayeligusa mpaka ligeuke lenyewe."

Lakini tangu jana yake wenzake wa ng'ambo walikuwa wamekwisha unganisha kazi zao na yake. Na wao, walipoona mvinyo umelala bure ghalani, hawakuona ubaya kuongeza jambo dogo la kufurahisha. Mlango wa ghala ukafunguka. Kikaingia kijitu chenye pua nyekundu. Kikafungua pipa, kikanywa, kikanywa tena. Kikatoka kikiyumba, kikavua kofia, kikamwinamia ng'ombe kwa heshima kubwa kama mtu anayemwamkia mkwewe, kisha kikatumbukia kichwa chini ndani ya hori, miguu inapepea juu.

"Hiki si mimi niliyekiweka," Nasteho alisema. "Baba, wallahi si mimi."

Ilikuwa kweli. Dekow hakumtazama msichana, alimtazama Lul, maana ndiye aliyeapa, na kama kungekuwa na maelezo angeyasikia kutoka kwake. Lul alikuwa nayo maelezo. Alikuwa amekwisha fungua kinywa ayatoe. Kijitu kikajivuta kutoka horini, kikamshika ng'ombe mashavu, kikambusu.

Lul akacheka.

Aliziba mdomo kwa shali, kicheko kikatokea puani. Aliinama akajibana mbavu, akafikiria kaburi la mumewe, akafikiria kila habari ya kiama aliyosomeshwa, na mabega yakaendelea kutikisika.

Dekow akaweka kikombe chini na kusimama. "Umeapa kwa jina la Mungu," alisema polepole, "kisha unacheka." Alivaa viatu vyake mlangoni bila kuaga.

Abdisalam alifunga kompyuta taratibu, kwa vidole viwili, na upole huo ulimuumiza Lul kuliko kama angeivunja ukutani. Alipotoka, Lul akamfuata uani.

"Mwanangu, maneno yote yametoka kwangu. Mimi niliyasema sokoni, ya kuchekesha watu. Mtoto hana kosa."

"Hooyo, inatosha. Usimfichie."

"Simfichii! Muulize Samsam!"

"Hata sasa unacheza," alisema mwanawe, na kwa kuwa alikuwa na adabu, akaondoka badala ya kuendelea.

Kompyuta ilifungiwa kabatini na ufunguo ukakaa mfukoni mwa Abdisalam. Wale wa ng'ambo walimsubiri Nasteho, wakaandika, wakaandika tena, na mwishowe wakamshukuru kwa mchango wake na kumtakia heri. Barua hiyo Nasteho aliisomea kwenye simu ya mama yake. Ikaamuliwa aende Rhamu kwa shangazi yake Jawahir, mwenye shamba la vitunguu kando ya mto Daua na watoto wengi, akakae huko mpaka maneno yapoe. Hakuna aliyesema maneno hupoa baada ya muda gani.

Asubuhi ya safari Lul aliingia chumbani akamkuta anakunja madira yake. Alisimama mlangoni akitafuta la kusema. Kila neno lililokuja lilikuwa na mzaha ndani yake, kama wali wenye mchanga, akayatema yote kimoyomoyo.

"Nasteho, mama."

"Ayeyo, ilichekesha?"

"Nini?"

"Kile kijitu na ng'ombe. Mimi nilikuwa naangalia uso wa baba. Sikukiona vizuri."

Lul hakujua kama anasutwa au anaulizwa. Alimtazama msichana machoni, hakuona jibu.

"Kidogo," alisema.

"Haya." Nasteho akafunga zipu ya begi.

Kwa siku nyingi baada ya hapo Lul alikwenda sokoni, akapima maziwa, akapokea, akarudisha chenji, bila zaidi ya hapo. Wateja walinunua wakabaki wamesimama, wakisubiri. Mwishowe Samsam akashindwa kuvumilia.

"Lul, tupe basi moja! Tumekaa hapa kama tuko matangani."

Wanawake wakamgeuzia nyuso.

"Mjukuu wangu yuko Rhamu," Lul alisema. "Alikuwa na kazi nzuri, na mimi nikaivunja kwa mdomo huu. Sasa anapalilia vitunguu."

Samsam akaanza kucheka kabla hata hajamaliza kusikia. "Halafu?"

"Hakuna halafu."

"Eti hakuna halafu!" Samsam alishika tumbo, na wenzake wote wakamfuata. "Mwangalieni anavyokaza uso! Wallahi, mwanamke huyu atatuua!"