Kura ya Cherehani

Kabla hajawa diwani alikuwa fundi wa nguo. Jina la Cherehani alipewa na wateja wake, na halikutokana na mashine, lilitokana na mdomo: akishaanza kuongea hasimami mpaka uzi ukatike. Alipochaguliwa, jina likamfuata hadi kwenye baraza la jiji. Hata meya, akitaka kumnyamazisha, alikuwa akisema, "Diwani Cherehani, kanyaga breki kidogo."

Mwaka huo alikuwa na jambo moja tu kichwani. Alitaka baraza lipitishe sheria ndogo: yeyote anayejenga jengo la ghorofa la kupangisha katikati ya jiji atenge sehemu ya nyumba hizo kwa watu wa kipato kidogo, na vyumba vya biashara vya chini wapewe kwanza wale waliokuwa wakifanya biashara pale kabla ya kubomolewa.

Hili hakulisoma mahali. Nyuma ya kibanda chake cha zamani cha kushonea palikuwa na safu ya vyumba vya kupanga, bomba moja na choo kimoja kwa wote. Humo aliishi mfagiaji wa hospitali, mlinzi wa benki, mpishi wa shule, na msusi aliyesukia wateja wake mlangoni pa chumba chake. Vyumba vikabomolewa, likasimama jengo la vioo. Wapangaji wakatawanyika huko pembezoni. Msusi alikuwa akimbeba mwanawe mgongoni akiwa bado usingizini ili awahi mjini, na akifika hana pa kuweka kiti. Cherehani alikutana naye siku moja amesimama chini ya mwavuli, kitana mkononi, anangoja mteja barabarani kama anayengoja basi. Hakulala vizuri siku hiyo.

Madiwani waligawanyika katikati. Nusu walisema wawekezaji watakimbia na biashara zitakufa. Cherehani akapita ofisi hadi ofisi, akabembeleza, akabishana, akanywa chai asiyoitaka, mpaka akawa na uhakika: hoja itapita kwa kura moja. Yake.

Mpinzani wake mkubwa hakuwa barazani. Alikuwa kaka yake wa tumbo moja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye mtaa mzima ulimwita Misumari. Wazazi walipofariki, ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemnunulia mashine ya kwanza, na wakati wa kampeni alizunguka na spika mpaka sauti ikamkauka. Lakini kwenye sheria hii hawakuelewana hata kidogo.

"Wasipojenga, saruji yangu anunue nani?" alimuuliza kila Jumapili mezani. "Hao wapangaji wako watajengea nini? Hotuba?"

"Watajenga, kaka. Watapata faida ndogo kidogo, hawatakufa."

"Wewe umewahi kumwona tajiri anayependa faida ndogo?"

Mke wa Misumari alikuwa akigonga sufuria kwa mwiko. "Nyie wawili, chakula kinapoa!"

Wiki ya kikao, wifi huyo alimpigia simu Cherehani akiwa na furaha tele. Mwekezaji aliyekuwa akitaka kiwanja kikubwa cha karibu na soko amekuja mwenyewe dukani. Anataka Misumari awe ndiye mleta vifaa vyote vya jengo lake, kuanzia nondo hadi rangi. "Kaka yako tangu jana anatembea kama bwana harusi!"

Cherehani alicheka naye, akapongeza. Alipokata simu kicheko kikamwishia. Akaenda moja kwa moja kwa mwanasheria wa baraza.

"Kama kaka yako ana mkataba na mtu anayeguswa na hoja," mwanasheria alisema, "unatangaza maslahi, unatoka ukumbini, hupigi kura."

"Nikinyamaza?"

"Wapinzani wako wataibua wao wenyewe. Sheria itatupwa mahakamani, nawe utaondoka na aibu."

"Nikitoka?"

"Kura zitalingana. Zikilingana, hoja imeanguka."

Mchana huohuo akaenda dukani. Misumari alikuwa akipanga mabati, jasho likimtiririka. Cherehani akamweleza yote.

Kaka yake aliweka bati chini polepole. "Kwa hiyo hata mimi nikipata riziki, ni kwa sababu yako? Nimeuza hapa tangu wewe huna meno. Hawezi kuwa amenifuata kwa sababu vifaa vyangu ni vizuri?"

"Anaweza. Sijasema hawezi."

"Ila unafikiria hivyo."

Cherehani akaketi juu ya mfuko wa saruji. Akasema, "Sikuja kukuomba ukatae. Nimekuja uyasikie kwangu, siyo kwa watu. Kesho nitasimama, nitatangaza, nitatoka. Hoja ikianguka nitairudisha. Ikianguka tena, nitairudisha tena. Watachoka wao."

Misumari aligeukia bati lake. Hakumsindikiza mlangoni.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Upande mmoja wa viti vya wananchi walikaa wafanyabiashara, upande mwingine wapangaji, msusi akiwa miongoni mwao na mwanawe mapajani. Meya alipoitaja hoja, Cherehani alisimama.

"Mheshimiwa Meya, natangaza maslahi. Kaka yangu wa damu ana mkataba wa—"

"Sina!"

Watu wakageuka. Misumari alikuwa amesimama nyuma kabisa, shati limejaa vumbi la saruji.

"Wananchi hawaruhusiwi kuongea," meya alisema.

Mwanasheria akamnong'oneza meya: anayetajwa ni yeye, anaweza kuulizwa. Meya akashusha pumzi. "Haya. Una mkataba na mwekezaji huyu au huna?"

"Sina, mheshimiwa. Jana jioni nilikwenda ofisini kwake. Nikamwambia, haraka ya nini, tusaini wiki ijayo baraza likishamaliza mambo yake. Akasema ni leo au basi. Nikamuuliza, nondo zangu zitaoza kufikia wiki ijayo? Akarudia, leo au basi. Nikamwambia basi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Misumari hakucheka.

"Na msinielewe vibaya. Sheria hii mimi siitaki. Mdogo wangu anakosea, na nitamwambia hivyo Jumapili. Lakini mimi siyo kufuli la kumfungia mlango. Akishindwa, ashindwe akiwa ndani."

Akaketi. Diwani mmoja akadai kikao kiahirishwe, meya akakataa. Hapana mkataba, hapana maslahi. Cherehani akaruhusiwa kuzungumza, na kwa mara ya kwanza alisema maneno machache: wanaofagia jiji hili, wanaolilinda na kulipikia, wana haki ya kulala ndani yake. Mikono ikanyooshwa. Hoja ikapita.

Yaliyofuata hayakuwa rahisi. Mwekezaji aliondoka kwa kelele, na kiwanja kikabaki kimezungushiwa mabati msimu hadi msimu. Baadhi ya wafanyabiashara waliacha kumsalimia Cherehani. Misumari aliuza lori lake, na kila Jumapili alisema, "Si nilikwambia?" Cherehani alimeza chakula na maneno hayo kwa pamoja, na Jumatatu alikuwa tena mlangoni pa mjenzi mwingine, akieleza, akibembeleza.

Hatimaye kampuni ndogo ikakubali masharti. Misumari aliomba kazi ya vifaa kama wenzake, akapata rangi peke yake. Alinung'unika, lakini aliipeleka.

Siku msusi alipohamia katika jengo jipya, lifti ilikuwa haijaanza kufanya kazi. Cherehani na kaka yake walikuwa chini wakilitazama godoro la msusi. Misumari alipitisha kidole ukutani.

"Rangi gani hii? Wameijaza maji."

"Si ya dukani kwako?"

"Basi fundi ndiye mbovu."

"Kaka, sehemu ya nyumba tuliyopata ni ndogo. Nataka baraza liiongeze."

"We Cherehani! Hili halijakauka unataka jingine? Bado nasema umekosea."

"Sema. Ila shika upande huo."

Akashika. Wakaanza kupanda ngazi, godoro katikati, wakibishana.